Rafu moja kwa makasha matatu ya baba

Swali: Baba yetu alifariki mwaka jana akaniachia makasha matatu ya vitabu. Tunaishi kwenye vyumba viwili na nina nafasi ya rafu moja tu. Humo mna mwongozo mnene wa tiba ya nyumbani wa mwaka 1971, ambao baba aliujaza maandishi pambizoni, kamusi mbili, atlasi, vitabu vya hesabu, riwaya nyingi na kitabu cha kutengeneza gari ambalo tuliliuza zamani. Wakati huohuo mwanangu wa miaka 14 ananiomba kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika, kizito kama tofali na ghali kuliko viatu vyake vya shule. Mume wangu anasema siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Ni kitabu gani hasa kinastahili kuwekwa ndani ya nyumba?

Jibu: Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na mzazi. Vitabu vya marehemu ni vigumu kuvigawa kuliko viti na vyombo, kwa kuwa kila ukishika kimoja unaona kama unamtoa aliyekisoma. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu ya kazi hiyo ambayo watu wengi hawaijui ni kuondoa vitabu rafuni. Sisi wenyewe tunaiita kupalilia. Rafu isiyopaliliwa huota magugu kama shamba, na msomaji mwenye haraka hung'oa gugu akidhani ameshika zao. Nakujibu kama mtu aliyeondoa vitabu vingi kwa mikono yake, akajutia vichache.

Ukianza kwa kujiuliza kama kitabu ni kizuri, hutafika mbali. Makasha matatu yanaweza kuwa na vitabu vizuri mia, na rafu yako ni moja. Mimi hujiuliza hivi: kitabu hiki kitafunguliwa tena lini, na anayekifungua atakuwa katika hali gani? Anayefungua kitabu cha afya yuko macho saa nane za usiku, mtoto analia, mwanga ni hafifu. Anayefungua kitabu cha mchezo yuko mezani na wenzake wanne wanamsubiri. Anayefungua kamusi ana sentensi nusu kichwani. Anayerudia riwaya amekua tangu aisome mara ya kwanza. Ukishaiona hali hiyo, unajua cha kukagua, na utagundua kwamba umri uleule unaokiua kitabu kimoja haukigusi kingine.

Niruhusu nikae kidogo kwenye kitabu cha afya, kwa sababu hapo makosa yana gharama.

Mwongozo wa baba ni wa mwaka 1971. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, vitabu vya malezi vilivyoandikwa na madaktari wenye heshima viliwashauri wazazi wamlaze mtoto mchanga kifudifudi. Waliamini kwamba akitapika akiwa chali atapaliwa. Baadaye ikaonekana kuwa watoto wanaolala kifudifudi hufa ghafla usingizini zaidi kuliko wanaolala chali. Uingereza ilianza kampeni ya kuwageuza watoto mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Waliofuata ushauri wa zamani walikuwa wazazi makini, wenye kitabu mkononi. Nikiwa mkutubi kijana niliwahi kukuta kitabu chenye ushauri huo kwenye rafu niliyoisimamia mimi mwenyewe. Kilikuwa na muhuri wa kuazimwa wa wiki mbili nyuma. Tangu siku hiyo rafu ya tiba ndiyo ninayoipalilia kwanza kila mwaka, na sisubiri kitabu kichakae.

Mambo mengine yamebadilika kwa namna hiyohiyo. Mwaka 2010 Chama cha Moyo cha Marekani kilibadilisha mpangilio wa kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama: kukandamiza kifua kukatangulizwa mbele ya kumpulizia pumzi, ili damu isikome kufika kwenye ubongo. Vitabu vya zamani vinaanza na pumzi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo iliyotaka malaria ya aina ya falsiparamu ambayo bado haijawa kali itibiwe kwa dawa mseto zenye artemisini, maana klorokwini ilikuwa imezoewa na vimelea katika sehemu nyingi za dunia. Kitabu cha mwaka 1971 hakingeweza kujua hilo.

Kwa hiyo, ukitaka kununua mwongozo mpya wa afya, usisome jalada. Jalada linauza. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina, utafute mwaka wa toleo. Angalia vizuri, kwa sababu toleo na chapa ni vitu viwili. Toleo jipya lina maana kwamba mtu ameketi akarekebisha maandishi. Chapa mpya ni maandishi yaleyale yaliyorudishwa mtamboni. Kitabu kinaweza kuandikwa "chapa ya 2019" huku toleo lake la mwisho ni la mwaka 1988, na karatasi nyeupe ikakudanganya.

Kisha kipe mtihani wa dakika tano palepale ulipo. Tafuta mtoto mchanga anavyolazwa: jibu liwe chali. Tafuta kutokwa damu puani: kitabu kiseme mtu ainamishe kichwa mbele na kubana sehemu laini ya pua. Kikimwambia ainue kichwa nyuma, damu itaingia kooni. Tafuta kuungua: maji ya bomba ya baridi yakitiririka kwa dakika 20, bila siagi wala dawa ya meno. Tafuta kuumwa na nyoka: pasiwe na kuchanja, kunyonya sumu wala kufunga kamba ya kukaza, bali kumtuliza mgonjwa, kumzuia asiutumie mguu au mkono ulioumwa na kumfikisha hospitali. Tafuta mtoto aliyekunywa mafuta ya taa: kitabu kikataze kumtapisha. Tafuta kuharisha: vipimo vya maji ya chumvi na sukari viandikwe kamili, vijiko vidogo 6 bapa vya sukari na nusu kijiko kidogo bapa cha chumvi kwa lita 1 ya maji safi, pamoja na ushauri wa kutumia pakiti zilizotengenezwa tayari zikiwepo. Kitabu kinachosema "chumvi kidogo" kirudishe ulikokitoa, kwa sababu chumvi ikizidi inamdhuru mtoto aliyekwisha kupoteza maji. Ukifika mwisho wa mtihani huu utakuwa umejua jambo jingine bila kukusudia: kama faharasa ya kitabu, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni, inafanya kazi. Ikikuchukua dakika mbili kupata neno ukiwa umetulia, saa nane za usiku hutalipata kabisa.

Kitu cha mwisho ninachokitafuta kwenye kitabu cha afya ni ujasiri wa kusema "acha hapa, nenda hospitali". Mwandishi mzuri anachora mpaka. Anataja dalili za hatari, anakwambia hata kisichofaa kufanywa. Mfano mzuri ninaoujua ni Mahali Pasipo na Daktari, kitabu cha David Werner kilichozaliwa kwenye vijiji vya milimani nchini Meksiko, kikatoka kwanza kwa Kihispania, kikafuata Kiingereza mwaka 1977, na leo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 80, Kiswahili ikiwemo. Kiliandikwa kwa ajili ya mtu asiye na daktari karibu, na bado kinamwambia mtu huyohuyo ni lini asijitibu. Hata hivyo, nacho kipe mtihani uleule wa toleo. Ukubwa wa jina haukifanyi kitabu kiwe kipya. Na kile kinachodai kwamba mmea mmoja, maji ya namna moja au mfungo mmoja unatibu kisukari, saratani na shinikizo la damu, usikipe hata nafasi ya kuegemea ukuta.

Sasa mwanao. Nimefurahi kwamba ameomba kitabu, na naona umekitaja kama anasa tu. Huenda hujapata kuona mchezo wenyewe, basi nikueleze. Watu wanne au watano wanaketi pamoja. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake: mlinzi, mwizi, mganga, mtoto wa mfalme aliyefukuzwa. Msimulizi anaeleza mahali walipo na kinachotokea, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Palipo na mashaka kama jambo litafanikiwa, dadu zinarushwa. Zipo za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Kwa kawaida hakuna mshindi, na hadithi inaweza kuendelea kwa miezi. Mtu aliyekulia kwenye simulizi za jioni ataitambua mara moja, isipokuwa hapa wasikilizaji ndio wanaoamua shujaa apite njia ipi.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya kasha, nakala 1,000 za kwanza. Baadaye ikaja mingine: Traveller ya mwaka 1977 kwa wapenda safari za anga, Call of Cthulhu ya mwaka 1981 kwa wapenda hadithi za kutisha. Huo wa mwisho haumfai kila mtoto, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize anataka mchezo gani hasa, na usome sura moja wewe mwenyewe.

Thamani ya kitabu cha kanuni inatofautiana na ya karibu kila kitabu kingine nyumbani. Riwaya inasomwa na mmoja kwa wakati wake. Kitabu hiki kimoja kinahudumia meza nzima, tena kila wiki, kwa miaka. Ukigawa bei yake kwa jioni zitakazochezwa na kwa watoto watakaokuwepo, unapata kitu cha rahisi kuliko viatu ulivyovitaja, ambavyo mwakani havitamtosha. Kijana anayekitumia pia anasoma kwa namna ambayo shule hupata taabu kuifundisha: anatafuta kanuni, analinganisha kurasa mbili, anasoma kwa sauti, anawashawishi wenzake kwa hoja kwamba sentensi ina maana hii na haina ile. Nimeona watoto waliokuwa wakikimbia aya ndefu wakisoma jedwali la kurasa tatu kwa sababu maisha ya mhusika wao yalikuwa humo.

Lingine ni kwamba kitabu hicho hakizeeki kama mwongozo wa afya. Dungeons & Dragons imepata matoleo mapya mwaka 2000, 2008, 2014 na 2024, na kila toleo linapotoka watu huuza ya zamani kwa bei ya chini. Kununua toleo lililopitwa hakumdhuru mtoto. Kanuni za mwaka 2014 zinachezeka leo kama zilivyochezeka siku zilipotoka, mradi meza nzima iko kwenye toleo moja. Kwa Call of Cthulhu kanuni zimebadilika kidogo mno kiasi kwamba visa vilivyoandikwa miaka ya 1980 bado vinachezwa kwa marekebisho machache. Sasa linganisha na mchezo wa kompyuta unaotegemea mitambo ya kampuni: siku mitambo ikizimwa, mchezo umekwisha. Hicho cha karatasi kinahitaji watu, dadu na penseli.

Hata hivyo, usikimbilie kununua. Vitabu vya michezo hii ni vya aina kuu mbili, na wauzaji hawakuelezi. Kuna kitabu cha kanuni, ambacho kinatumika daima. Kuna kitabu cha kisa, ambacho ni hadithi iliyoandaliwa tayari yenye siri zake, na siri hizo zikishafichuka mezani kwenu zimefichuka. Cha kwanza kinafaa kumilikiwa, cha pili kinafaa kuazimwa au kununuliwa kwa pamoja na kikundi kizima. Tena vitabu vikuu vya Dungeons & Dragons ni vitatu: cha mchezaji, cha msimulizi na cha viumbe. Mwanao kama ni mchezaji, kimoja kinamtosha. Na kabla ya hapo, ajaribu bure. Januari 2023 wachapishaji waliuachia waraka wa kanuni za msingi za toleo la tano, lile la mwaka 2014, chini ya leseni ya Creative Commons, maana yake mtu yeyote anaweza kuupakua, kuuchapa na kuutumia kihalali. Mwambie achape kurasa chache, akusanye wenzake wanne, wacheze jioni tatu. Jioni ya nne wakija bila kuitwa, kanunue kitabu.

Ukienda kununua, kishike kwanza. Kitazame kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona mafungu madogo ya karatasi zilizokunjwa, yamepangwa kama vitabu vidogo ndani ya kikubwa, hicho huenda kimeshonwa kwa uzi. Fungua katikati ya fungu moja utauona uzi wenyewe. Ukiona kurasa mojamoja zimebandikwa kwa gundi tu, ujue kwamba kitabu kitakachofunguliwa kila wiki na kulazwa wazi mezani kitaanza kudondosha kurasa. Riwaya ya kusomwa mara moja gundi inaitosha. Kamusi, kitabu cha kanuni na mwongozo wa afya vinahitaji uzi. Kitabu kikiwa kimepasuka, usikitibu kwa selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, hupenya kwenye karatasi na kuharibu hata sehemu iliyokuwa nzima.

Kamusi mbili za baba, weka zote, hasa kama zinatofautiana kwa miaka mingi. Kamusi ya zamani haidanganyi kama kitabu cha tiba cha zamani. Inakuhifadhia maneno ambayo kamusi mpya zimeyaacha, na ukisoma shairi la kale utaihitaji. Ile mpya itakupa istilahi za sasa. Simu inakupa neno uliloliandika, ndiyo, lakini haikupi neno la jirani. Mimi nimejifunza maneno mengi niliyoyakuta njiani nikielekea kwa jingine kuliko yale niliyoyatafuta.

Vitabu vya hesabu usivitupe kwa sababu ya rangi ya karatasi. Uthibitisho ulioandikwa na Euclid takriban miaka 300 kabla ya Kristo bado ni sahihi asubuhi hii. Kinachobadilika ni mtaala na mpangilio wa mada. Kagua kama kitabu kina mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua na majibu mwishoni. Kikiwa navyo, mwanao anaweza kujifunza peke yake, na hicho ni kitabu cha kubaki. Kisicho na majibu kilitegemea mwalimu aliyekuwa mbele ya darasa, kwa hiyo kiache kiende.

Kitabu cha gari mpe mwenye gari la aina hiyo. Vitabu hivyo vizuri vimeandikwa na watu waliolifungua gari lenyewe skrubu kwa skrubu wakalirudisha, na kadiri gari linavyozeeka na mafundi waliolizoea wanavyopungua, ndivyo kitabu kinavyopanda thamani kwa yule mmoja anayeliendesha. Kwako ni uzito tu.

Atlasi, itazame kama ina Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011. Kama haina, mipaka yake usiitegemee kwa kazi za shule. Milima na mikondo ya bahari bado iko palepale. Ikiwa bado inaonyesha Umoja wa Kisovieti, uliovunjika mwaka 1991, imekwisha kuwa kitabu cha historia, na kama una mtoto anayependa kuuliza kwa nini nchi fulani haipo tena, utafurahi kuwa nayo.

Riwaya ndizo zitakazokuumiza, kwa kuwa ni nyingi na baba alizipenda. Hapa sina kipimo cha mwaka wala cha uzi. Ninachofanya mimi ni kusimama kando ya kasha, nafungua kitabu popote, nasoma kurasa mbili. Nikijikuta nimekaa chini, kinabaki. Nikifika mwisho wa ukurasa wa pili na bado nimesimama, nakishukuru na kukipitisha kwa mwingine. Jaribu. Nakadiria utabaki na chini ya robo, na hiyo robo utaisoma kweli.

Nije kwa shemeji. Ana hoja, na usimpinge kwa jumla. Habari, kitabu cha kusoma mara moja safarini, maelezo ya kutumia programu ambayo mwakani itakuwa na sura nyingine: hayo yote yakae kwenye simu. Vitabu vya kompyuta vinavyofundisha toleo fulani la programu huzeeka haraka kuliko hata vya tiba. Lakini mwambie atenganishe kununua na kupewa ruhusa. Vitabu vingi vya kielektroniki tunavyodhani tumevinunua, tumelipia leseni ya kuvisoma kwa masharti ya muuzaji. Julai 2009 Amazon iliondoa nakala za vitabu viwili vya George Orwell kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Walirudishiwa fedha, na kampuni ikaomba radhi, lakini vitabu vilikuwa vimetoka mikononi mwao usiku. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Nako fedha zilirudishwa. Aliyekuwa ameandika maoni yake pambizoni alipewa dola 25 za ziada kwa maoni hayo. Faili la pdf ulilolipakua na kulihifadhi mwenyewe ni jambo jingine, hilo ni lako kama kitabu, na vitabu vingi vya michezo vinauzwa kwa namna hiyo. Ushauri wangu ni kwamba kitabu cha dharura kiwe cha karatasi. Mkikipata na kwenye simu, vizuri. Usiku wa dharura ndio usiku ambao chaji imekwisha.

Umeniuliza pia, bila kuuliza, kuhusu ule mwongozo wa baba. Kwa kipimo nilichokupa, mwongozo huo umeanguka, na nisingependa kabisa ukae pale mkono unapofika kwanza mtoto akiugua. Usiugawe wala usiuuze. Watu wema hutoa vitabu vya tiba vya zamani kama sadaka, navyo huishia kwa mtu ambaye hana kitabu kingine cha kuvilinganisha.

Lakini umesema baba aliujaza maandishi. Nakala za chapa hiyo ziko nyingi duniani, yenye mwandiko wake ni moja. Keti nao jioni moja usome pambizo tu. Huenda aliandika nani aliugua nini na mwaka gani, nani alidhurika na dawa ipi, uzito wa watoto, jina la ugonjwa uliomchukua bibi. Mambo ya namna hiyo daktari wenu atayauliza siku moja: kama kuna kisukari katika ukoo, kama kuna mtu aliyevimba baada ya penisilini. Yanakili kwenye daftari jipya, liweke pamoja na mwongozo mpya wa afya utakaonunua, na kwenye hicho kipya uendelee kuandika wewe. Tumia penseli. Wino hutawanyika kitabu kikilowa, penseli haisogei.

Kitabu chenyewe kiweke mahali pa juu, pamoja na picha. Kwenye ukurasa wa kwanza andika, kwa penseli hiyohiyo: "Cha baba. Tusikitumie kwa tiba." Tia tarehe.